Carl Boenish: Jamaa Aliyefunza Mbogi Kuruka Milima kwa Mpango, Kisha Mlima Ukamchukua

Leo wacha tupumzishe kidogo stori za nani ameachana na nani. Tunaenda mbali, California hadi Norway, kumcheki msee mmoja aliyekufa 1984, wengi wetu hata hatujazaliwa. Anaitwa Carl Boenish. Kama umewahi kuona zile video za watu wakiruka kutoka juu ya mwamba ama daraja na parachuti mgongoni, ukatingisha kichwa ukasema hawa wamechizi, basi jua huyu ndiye anaitwa baba ya huo mchezo.

Najua unasema hii ni stori ya watu wenye hawaulizwi rent tarehe tano. Lakini tulia kidogo. Wewe uko na mbogi yako. Inaweza kuwa ya dansi, ya kushoot video, ya boda stejini, ama ya kupanda milima wikendi. Na kila mbogi iko na yule msee hataki kupangiwa. Anachelewa, hasomi mpango, halafu anasema yeye ni free spirit. Carl aliishi miaka mingi na watu kama hao, hewani, mahali kosa la msee mmoja linavunja shingo ya mwingine. Alitafuta jibu la swali moja: utampa mtu uhuru wote wa dunia na bado umrudishe nyumbani mzima, utafanyaje? Alipata jibu. Halafu asubuhi moja likamponyoka.

INGINIA ALIYEACHA JOB

Carl alizaliwa tarehe 3 Aprili 1941, Marekani. Alikuwa msee wa hesabu. Alikuwa inginia wa umeme, akafanya job kwa Hughes Aircraft, moja ya kampuni kubwa za mambo ya ndege na teknolojia California. Hiyo ni job ya maana, mathe wako angeisimulia kanisani mpaka watu wachoke.

Lakini wikendi msee alikuwa hewani. Miaka ya sitini, kuruka na parachuti kwa raha ndio kulikuwa kunashika California, na Carl aliona kitu wengine hawakuona. Watu walio chini hawana habari ni nini hufanyika huko juu. Wanaona kidoti, kisha wanaona kitambaa kimefunguka, basi. Hiyo dakika moja ya katikati, wakati mtu anaelea na uso wake umejaa upepo na furaha, hakuna mtu anaiona.

Kwa hivyo akafunga kamera kwa helmeti. Na usifikirie kamera ndogo za siku hizi zenye zinaingia mfukoni. Hizo zilikuwa kamera za filamu, zile za reli zinazunguka ndani, nzito, na zote ziko juu ya shingo yako. Parachuti ikifunguka na kukuvuta ghafla, huo uzito wote unataka kwenda kwingine na kichwa chako.

Kazi yake ilikuwa safi hadi Hollywood wakamwita. Filamu ya The Gypsy Moths ya 1969, ambayo staa wake ni Burt Lancaster, ni stori ya warukaji wanaozunguka miji midogo wakifanya maonyesho. Carl alikuwa kati ya wale walioshoot zile sini za angani. Uinginia akauacha, akawa mtu wa kamera na anga.

Hapa ndio nataka ushike kitu. Carl aliacha ofisi, lakini hakuacha hesabu. Alibeba ile akili ya inginia akaenda nayo hewani. Pima, rudia, andika, pima tena.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, niliamka tu nikajiambia hii maisha ya ratiba si yangu, nataka kuwa huru. Nikaacha lekcha, nikaacha pia kuamka mapema, nikaacha kumaliza kitu nimeanza, nikaacha kushika simu za watu nilikuwa nawadai na wenye walikuwa wananidai. Mwaka mzima nilikuwa huru hivyo, na sikufanya kitu hata kimoja cha kukuonyesha. Kwa hivyo nikisoma kuhusu huyu msee wa kuacha job na kubaki na kalkuleta, nasikia nimeguswa mahali.

MBOGI HEWANI INAFANYAJE KAZI

Wacha nikuchoree vile mambo huenda, ndio uelewe kwa nini nidhamu ilikuwa kitu kubwa kwake.

Ndege ikiwa mita 4,000 juu, ukiruka uko na kama dakika moja ya kuanguka kabla ufungue parachuti. Ukilala na tumbo likiangalia chini, mikono na miguu imetanuka, unaenda kama kilomita 190 hadi 200 kwa saa. Upepo unakuwa kama godoro. Ukigeuza kiganja kidogo, unazunguka. Ukinyoosha miguu, unasonga mbele. Ukikunja mwili, unashuka haraka kuliko mwenzako.

Enzi za Carl, mchezo mkubwa ulikuwa kushikana mikono hewani na kutengeneza duara, walikuwa wanaiita nyota. Siku hizi vijana wameongeza mtindo mwingine unaoitwa frifulai, kuruka huru. Hapo hakuna kulala na tumbo peke yake. Unaketi kwa hewa kama uko kwa kiti, unasimama, unageuka kichwa chini miguu juu, mnazungukana kama samaki. Ukiangalia unadhani kila mtu anafanya vile anataka.

Zii. Ukiwa kichwa chini unashuka kilomita 240 kwa saa, wakati mwingine hata zaidi. Sasa fikiria mko sita, wote vichwa chini, halafu msee mmoja anapoteza balansi na kugeuka tumbo. Ghafla yeye anashuka kwa ile 190 na nyinyi bado mko 240 na kitu. Kwenu inaonekana ni kama amepaa juu na roketi. Na kama kuna mtu yuko juu yake, huyo anamgonga na tofauti ya kilomita 50 kwa saa ama zaidi. Ni kama kugongwa na mat mtaani, tofauti ni kwamba ukizimia hapo hakuna mtu wa kukuvutia parachuti.

Ndio maana warukaji wazuri wanafanya kazi kubwa wakiwa bado chini. Kabla waingie ndege wanasimama kwa nyasi na kutembea ile ruka yote, hatua kwa hatua, kama watu wanafanya choreo. Nani anatoka kwanza. Nani anaenda upande gani. Na muhimu kuliko yote, ni urefu gani mchezo unaisha. Mkifika hapo, hata kama ndio mlikuwa mnaanza kufurahia, kila mtu anageuka, anapea katikati mgongo, na kukimbia mbali na wenzake hewani kabla ya kufungua. Anaangalia juu kama kuna mtu, kisha ndio anavuta.

Sababu ni rahisi. Ukifungua parachuti unapunguza kasi kutoka karibu 200 hadi kasi ya boda kwa muda wa sekunde chache. Msee akiwa juu yako bado anaanguka, anapita ndani ya parachuti yako. Hapo mmeenda wawili.

Sasa mtu wa kamera yuko wapi kwa hiyo picha? Yuko karibu kuliko wote na hajashikwa na yeyote. Lazima awe karibu ndio apate uso wako, na lazima ajue mpango wako kukuliko, ndio asipatwe juu yako mkianza kufungua. Carl aliishi hapo kwa miaka. Kwa hivyo alipobonga mambo ya uhuru, hakuwa anamaanisha kila mtu afanye yake. Alikuwa ameona kwa macho kwamba wale wenye wanacheza hewani bila wasiwasi ni wale walipanga wakiwa chini, na kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini sekunde ijayo.

EL CAPITAN, 1978

Kuna bustani ya taifa California inaitwa Yosemite, na ndani yake kuna mwamba unaitwa El Capitan. Ni ukuta wa jiwe karibu mita 900 kwenda juu. KICC yetu ni kama mita 105. Kwa hivyo weka KICC nane, moja juu ya ingine, na bado hujafika.

Mwaka wa 1966 majamaa wawili, Michael Pelkey na Brian Schubert, walikuwa wamejaribu kuruka hapo. Parachuti zao zilikuwa zile za mviringo za zamani, zenye zinaenda vile upepo unataka. Ziliwarudisha kwa ukuta. Walifika chini wakiwa hai lakini wamevunjika mifupa. Kwa watu wengi hiyo stori iliishia hapo: mwamba si ndege, usijaribu.

Carl aliangalia tena kama inginia. Kati ya 1966 na miaka ya mwisho ya sabini, parachuti zilikuwa zimebadilika. Zilikuja za mstatili, zenye hewa inaingia mbele na kuzijaza kama mbawa. Hizo unaziendesha. Unavuta kamba ya kushoto unaenda kushoto. Zikifunguka vizuri unaenda mbele, mbali na ukuta.

Akapiga hesabu nyingine. Ukiruka kwa ndege, tayari kuna upepo mkali unakupiga, kwa hivyo mwili wako unaweza kujirekebisha mara moja. Kwa mwamba hakuna upepo. Sekunde ya kwanza unashuka kama mita 5 tu, ya pili umefika kama 20, ya tatu kama 44, na sasa unaenda kama gari Thika Superhighway. Hizo sekunde za kwanza hewa haina nguvu ya kukusaidia. Vile mwili wako ulitoka kwa jiwe ndio vile utabaki. Ukitoka umeinama vibaya, unaanza kupinduka na huna kitu cha kushika. Ukitoka vizuri, kichwa juu na kifua mbele, unangoja mpaka hewa ikaze, kisha unanyoosha mwili na kuteleza mbali na ukuta. Unafungua ukiwa umeuacha nyuma.

Agosti 1978 mbogi ya Carl ilipanda na yeye akiwa na kamera. Warukaji wanne wakaruka El Capitan na hizo parachuti mpya, na wakashuka fiti. Filamu zake zikazunguka kwa warukaji, na ghafla kila msee alitaka kwenda Yosemite. Carl hakuwa wa kwanza duniani kuona mtu akiruka kutoka kwa kitu kisichosonga. Alichofanya ni kuonyesha kwamba unaweza kurudia, tena na tena, kama mchezo, ukifuata hatua.

KIBALI KILICHODUMU WIKI CHACHE

Hapa ndio roho yangu huuma.

Kuruka Yosemite ilikuwa noma na walinzi wa bustani. Ukishikwa, unapelekwa kortini. Carl hakuona sense kwa hiyo sheria. Kwake, kuna sheria za watu na kuna sheria za asili. Za watu unaweza kubishana nazo, unaweza kuandika barua, unaweza kuzikataa. Za asili zina jibu moja. Mvutano wa dunia hauhongeki, msomaji. Hakuna kitu kidogo unaweza kuupea ukuachilie upite.

Na tusimfanye malaika. Yeye na wenzake waliruka pia mahali hawakuruhusiwa, hata kutoka kwa majengo marefu yenye yalikuwa bado yanajengwa Los Angeles. Walikuwa wanaingia usiku kama wezi, tofauti ni kwamba hawakuiba kitu.

Lakini kwa Yosemite walijaribu njia iliyonyooka. Walibonga na wakubwa, chama cha warukaji cha Marekani kikaingilia, na 1980 mamlaka ya bustani ikakubali jaribio. Uwe na uzoefu, uchukue kibali, uende kwa zamu. Kwa mara ya kwanza unaruka El Capitan mchana, na mlinzi anakuona na hakukimbizi.

Ulidumu wiki chache.

Wengi walifuata sheria. Lakini kuna wale wa kusema kibali ni cha nini na mimi najijua. Wakaruka bila ruhusa, wakapuuza masharti yenye wenzao walikuwa wamepigania. Na mamlaka, wenye tangu mwanzo hawakuwa wameipenda hiyo maneno, walikuwa wanangoja tu sababu. Septemba haikuisha kabla mlango ufungwe. Mpaka leo kuruka Yosemite ni kosa.

Fikiria vile Carl alihisi. Miaka ya kushoot, kubonga, kuandika, kuonyesha watu kwamba warukaji si vichaa. Halafu wasee wachache wanaotaka uhuru wao wa siku moja wanachukua uhuru wa kila mtu, hadi wa watu ambao hawajazaliwa. Si unajua hiyo? Ni kama ile crew ya mat moja inavunja sheria, kisha kesho route nzima inafungiwa. Wewe ulikuwa umevaa sare, umelipa kila kitu, na bado unatembea.

HERUFI NNE

Carl hakununa. Yeye na mkewe Jean, pamoja na warukaji wawili wa Texas, Phil Smith na Phil Mayfield, waliupa mchezo jina: BASE. Hizo herufi nne zinasimamia vitu vinne unarukia: jengo, mnara wa antena, daraja, na ardhi yenyewe, maana yake mwamba. Ukimaliza zote nne, unapewa namba yako.

Januari 1981, akina Smith na Mayfield walimaliza zao kwa kuruka kutoka jengo refu Houston. Smith akawa namba 1, Mayfield namba 2. Jean akawa namba 3. Carl, msee mwenye wote walikuwa wanamfuata, akachukua namba 4. Nimependa hiyo. Wengine wangejipea namba moja na kuiweka kwa jezi.

Akaanzisha pia jarida la huo mchezo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa usalama. Aliona kwamba mlango wa Yosemite ulifungwa na watu wenye hawakufunzwa ama hawakujali. Kwa hivyo akataka kila anayeingia apate maarifa kwanza: unafunga parachuti vipi kwa ruka fupi, unachunguza mahali vipi, unasoma upepo vipi, na lini unageuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Umepanda masaa matatu, mbogi inakuangalia, na upepo umebadilika. Kushuka na miguu yako kunahitaji moyo kuliko kuruka.

NORWAY, JULAI 1984

Norway kuna ukuta unaitwa Trollveggen, katika bonde la Romsdal. Ni ukuta wima mrefu kuliko zote Ulaya, zaidi ya mita 1,000 kutoka juu hadi chini. Juu umeinama mbele, maana yake ukiruka unaanguka mbali na jiwe. Kwa mrukaji huo ni ukuta mzuri, kama jiwe linaweza kuwa zuri.

Julai 1984 Carl na Jean walienda huko kufanya kitu kwa kipindi cha televisheni kuhusu rekodi za dunia. Walipanga vizuri. Walipanda, walichunguza, kamera zikawekwa, hali ya hewa ikangojwa. Kisha mume na mke wakaruka, wakateleza mbali na ukuta, wakafungua, wakashuka. Rekodi ya dunia ya ruka ya juu zaidi ya aina hiyo ikawa yao. Wawili tu, wanaaminiana, kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Kama unataka picha ya kila kitu Carl alikuwa anafundisha, ni hiyo.

Tarehe 7 Julai, muda mfupi tu baada ya hiyo sherehe, Carl alirudi mlimani. Safari hii Jean hakuwa anaruka naye. Hakukuwa na kipindi, rekodi ilikuwa tayari. Alienda mahali pengine kwenye huo mlima panaitwa Stabben, palipo tofauti na pale waliporukia. Pale, jiwe halikimbii nyuma vile linakimbia Trollveggen. Aliruka. Aligonga mwamba akafa. Alikuwa na miaka 43.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu ni msee alitumia maisha yake akiwaambia watu wachague mahali vizuri, wasikimbilie, wawe na mtu wa kuwaangalia. Alikuwa na hesabu zote kichwani. Na bado asubuhi moja, akiwa na furaha ya ushindi wa juzi, alisimama mahali pagumu kuliko pale pa kwanza, na akaenda.

Siandiki hivi kumlaumu. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na kila mara naona kitu kilekile. Nidhamu haikai kwa mtu milele kama tatuu. Huwezi kuipata mara moja ukasema sasa niko nayo. Jana ilikuwa yako kwa sababu jana uliifanya. Na mara nyingi inakaa kati ya watu, haikai ndani ya mtu mmoja. Ni yule beste anakwambia buda, hapa sipaamini, twende nyumbani. Ukiwa na mbogi, kuna macho kumi yanaangalia hilo jiwe. Ukiwa peke yako ni yako mawili tu, na hayo mawili yanataka kuruka.

JEAN

Usidhani stori iliisha na mazishi. Siku chache baada ya Carl kufa, Jean alirudi mlimani Norway, akapanda, akasimama pale ukingoni, akaruka. Akashuka salama.

Unaweza kusema amechizi. Mimi naona ni mtu alikuwa anarudisha mambo mahali pake. Dunia nzima ilikuwa tayari kusema unaona, tuliwaambia huu mchezo ni kifo. Yeye akapanda na kufanya vile yeye na mumewe walikuwa wanafanya siku zote: chunguza, ngoja, toka vizuri, fungua mbali na jiwe. Hakuruka kumfuata Carl. Aliruka kuonyesha kwamba yale aliyofundisha bado yanafanya kazi, ukiyafuata.

Norway yenyewe haikushawishika. Mwaka wa 1986 serikali ilipiga marufuku kuruka Trollveggen, kwa sababu watu walizidi kuumia na waokoaji walikuwa wanahatarisha maisha yao kuwatoa kwa huo ukuta. Ona tena hiyo hesabu. Msee anaruka akisema ni maisha yangu, lakini yuko mwingine, baba ya watoto, anaitwa usiku na kamba kumtafuta.

Lakini kuna mahali mchezo umeishi. West Virginia, Marekani, kuna daraja la New River Gorge, mita 267 juu ya mto. Kila Oktoba, Jumamosi moja kwa mwaka, barabara inafungwa na warukaji wanaruhusiwa, mmoja baada ya mwingine, watu wakiangalia, boti za uokoaji ziko chini. Siku inaitwa Bridge Day. Hata hapo hakuna dhamana. Yule Brian Schubert wa El Capitan 1966 alirudi kuruka kwa hilo daraja Oktoba 2006, miaka 40 baadaye, na akafa hapo. Lakini ruhusa ya Bridge Day imedumu miaka mingi kuliko ile ya Yosemite, na tofauti ni kwamba huko kuna utaratibu na wenye mchezo wenyewe wanaulinda.

SASA WEWE

Hutaruka kutoka kwa mwamba wikendi hii, na tafadhali usijaribu UAP Tower, walinzi hawana mchezo na mimi sitaki kesi. Lakini uko na kitu unataka kuwa huru ndani yake. Pengine ni biashara yako ndogo. Pengine ni muziki. Pengine umeacha kitu kama mimi, na watu nyumbani wanakuangalia kando.

Carl alikuwa huru kuliko watu wengi walioishi. Aliacha job, akafuata anga, akapata mke wa kuruka naye. Na uhuru wote huo ulisimama juu ya mambo ya kuboesha: kufunga parachuti polepole, kutembea mpango kwenye nyasi, kukubaliana mchezo unaisha mita ngapi, kutii hata kama ndio umeanza kunoga. Wale walioona hayo ni ushamba walifungia wengine Yosemite. Na asubuhi ile moja ya Stabben inatukumbusha kwamba hata fundi mwenyewe anahitaji mtu kando yake.

Kwa hivyo kabla ya hiyo ruka yako, nataka ujiulize vitu viwili. Mmekubaliana mtaachana mita ngapi? Na ni nani, kwa mbogi yako, anaweza kukwambia leo tusiruke, na umsikize?

Kama huna huyo mtu, mtafute kwanza. Mimi wangu nilimpata mwaka jana. Ananipigia simu kila Jumatatu saa mbili asubuhi kuuliza nimeandika nini, na siku hizi nashika.